Meneja, Bunju wa Shangazi Mwanahawa

Sisi tuliochezea mchanga wa Ujiji kabla simu hazijaingia mifukoni tulimjua samaki kwa ulimi kwanza, macho yakafuata baadaye. Mgebuka tulimjua kwa mawese yaliyotuchuruzika mpaka kwenye viwiko. Dagaa tuliwajua kwa harufu yao wakiwa wameanikwa, harufu iliyotusindikiza shuleni na kutupokea tukirudi, hata mgeni alipouliza, "Hii harufu ya nini?" sisi tulimuuliza kwa mshangao, "Harufu gani?" Kuhe alikuwa samaki wa sikukuu, na kichwa chake kilikuwa cha Baba, hapakuwa na mjadala. Mtu angetuambia kwamba duniani kuna watu wanaomweka samaki sebuleni, wakamlisha, wakambadilishia maji, wakampa jina na wasimle, tungemcheka mpaka tushike mbavu.

Mchana wetu ulikuwa mrefu kuliko mchana wa watoto wa leo, sijui jua lilikuwa linatembea polepole. Asubuhi shule, ufagio mkononi. Adhuhuri ugali wa muhogo, ule unaovutika, ukimega tonge na sahani inataka kukufuata. Alasiri madrasa, kisha rede, mdako na kombolela mpaka Mama aite jina lako kwa mara ya pili. Mwito wa kwanza ulikuwa taarifa tu. Wa tatu ulikuja na mwiko. Leo mtoto anaitwa chumbani kwake kwa ujumbe wa simu, naye anajibu kwa kidole gumba cha manjano, na mama mtu anashukuru.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Esperansi. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo kabla hajazaliwa, na nyumba yao na yetu zilitumia ua mmoja. Tulilishwa pamoja, tulichapwa pamoja, na tulikatazwa pamoja jambo moja kuliko yote: kukanyaga kwenye matete, pale maji ya ziwa yanapotulia, kwa sababu ya kichocho. "Nikiwaona kwenye matete msirudi hapa," alisema Mama. "Kaeni huko huko na vyura, wawapikie."

Basi katika maisha hayo ndipo Shangazi Mwanahawa alipokuja na treni.

Alikuwa mdogo wake Baba, nami nilimkumbuka kwa mbali tu, siku alipoolewa akaondoka kwenda Dar es Salaam na kelele za ngoma. Mumewe, Bwana Shomari, alikuwa fundi wa vioo. Aliweka madirisha, lakini sifa yake ilikuwa kutengeneza matangi ya kufugia samaki wa mapambo, yale yanayokaa kwenye nyumba za watu wenye nafasi. Bwana Shomari aliugua, akafariki. Shangazi alikaa eda mpaka ikaisha, kisha akaja kwa kaka yake.

Sisi watoto tulisubiri halua. Gari lililomtoa stesheni liliposimama tuliona begi moja, godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba, dumu la maji, na ndoo iliyofunikwa kanga. Begi na godoro aliwaachia watu wabebe. Ndoo hakumpa mtu. Alikuwa ameikumbatia tangu Dar es Salaam, safari nzima ya treni, na mikono yake ilikuwa na alama ya ule mzingo wa ndoo.

Mama alimpokea kwa kilio, wakalia wote wawili kama inavyopasa. Walipomaliza, Mama akafunua kanga, akachungulia ndani ya ndoo.

"Wifi, umetuletea kitoweo kimoja tu?"

"Huyu haliwi, wifi," alisema Shangazi kwa sauti ndogo. "Huyu ni bunju. Ana sumu."

Tulirukia ndoo, mimi na Esperansi, vichwa vikagongana. Ndani mlikuwa na kitu cha ukubwa wa limao, mgongo wa rangi ya zeituni wenye madoa meupe kama matone ya maziwa, tumbo jeupe, na macho ambayo kila moja lilikuwa na shughuli zake: moja likimtazama Esperansi, jingine likinitazama mimi. Hakuwa na haraka ya samaki. Alitusogelea, akatukagua mmoja mmoja, kama sisi ndio tuliomo ndani ya ndoo. Esperansi akaingiza kidole. Palepale limao likageuka chungwa! Tumbo lilijaa maji, vijimwiba vikasimama, na sisi tukakimbia mpaka nje ya ua huku tukipiga kelele.

Aliitwa Meneja. Bwana Shomari ndiye aliyempa jina hilo, kwa ajili ya kitambi, na kwa jinsi alivyokuwa anakutazama kama umechelewa kazini. Alimtoa kwenye mikoko, pale mto unapoingia baharini, akamlea mwenyewe kwa miaka. Mle ndani ya godoro mlikuwa na vioo vitano vya tangi lake, vimefungwa kwa nguo za Shangazi, wala kimoja hakikuwa na ufa.

Baba alirudi jioni mikono imejaa grisi, maana alikuwa fundi wa injini za boti. Alimkumbatia dada yake, akampa pole kwa mara nyingine, kisha akaelezwa habari ya ndoo. Nilimwona uso ukibadilika.

"Sumu ndani ya nyumba yenye watoto, Mwanahawa?"

"Sumu yake iko tumboni kaka, haiko machoni. Nani atamla?"

"Ujiji hii? Hapa kila chenye mapezi kinaliwa! Siku moja mtu atapita, ataona samaki mnono, atamkaanga, na mimi nitazika watu."

"Kaka," Shangazi alisema, "mimi sina mtoto. Sina mume. Nimebaki na huyu."

Baba alitoa hukumu yake kwa kuangalia pembeni: samaki akae stoo ya nyuma, mlango ufungwe, na siku atakapokufa asitupwe jalalani bali afukiwe shimo refu. Alivyosema "siku atakapokufa" ilikuwa kama amesema kesho kutwa.

Shangazi aliunganisha tangi mwenyewe kwa gundi, akaliacha likauke, akamwaga yale maji ya dumu. Halafu akakaa kitini mbele ya tangi na hakuondoka. Siku zile hakusema na watu zaidi ya salamu. Chakula alikula matonge mawili, akanawa. Mama alimpigisha soga za sokoni, wapi. Majirani walikuja kumpa pole, wakajibiwa "tumeshapoa" na macho yakiwa kwenye kioo. Nilisikia Mama akimwambia Baba kwamba wifi yake anajifia taratibu na hakuna anayemshika mkono.

Na yule samaki naye alianza kufa.

Shida ilikuwa maji. Bunju wa namna ile si wa bahari kamili wala si wa mto. Anataka maji ya katikati, yenye chumvi kiasi. Sisi tuna ziwa ambalo ukisimama Ujiji huoni mwisho wake upande wa kusini, na lote ni maji baridi ya kunywa. Dumu lilipopungua Shangazi aliongeza maji ya ziwa kidogo kidogo, akitumaini atazoea. Hakuzoea. Madoa yale ya maziwa yakafifia, tumbo jeupe likaingia kijivu, mapezi yakabana mwili, akawa analala chini kama jiwe lililochoka. Chumvi ya pakiti ya dukani Shangazi aliiogopa. Mumewe alikuwa akimwambia kwamba ile imetiwa dawa ya kuzuia rovu shingoni mwa watu, na hakutaka kumjaribia Meneja.

Siku moja Baba alipita stoo kutafuta spana, akamkuta dada yake amekaa sakafuni, paji la uso limegusa kioo. Mimi nilikuwa mlangoni nyuma yake.

"Kaka," alisema bila kugeuka, "Shomari nilimuuguza, akanifia mikononi. Na huyu naye ananifia."

Baba alisahau spana. Kesho yake injini za watu zilikaa bila fundi, na Mama alipouliza bwana yuko wapi, jirani akasema amemwona stesheni ya Kigoma akipanda treni.

Alirudi siku iliyofuata. Tulimsikia kabla ya kumwona, sauti yake ikitokea kule barabarani, sauti ya mtu anayetaka mtaa mzima ujue: "Mwanahawa! Mwanahawa we! Njoo upokee chumvi yako!" Alikuwa na gunia begani, vumbi mpaka kwenye kope. Alikwenda Uvinza, kwenye chumvi inayochemshwa kutoka ardhini, ile ya mawe mawe ya kijivu ambayo babu zetu waliibeba kabla pakiti hazijazaliwa. Haikuwa imetiwa kitu.

Kilichofuata nakikumbuka kama kisomo. Shangazi aliosha ndoo, akachota maji ya ziwa yaliyokaa pipani, akayeyusha chumvi pembeni. "Chumvi haimwagwi juu ya samaki, Siwema," aliniambia, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza anaita jina langu tangu afike. "Yeyusha kwanza. Subiri. Onja." Alichovya kidole, akaonja, akatema. "Bado." Akaongeza punje, akakoroga, akaonja tena. Mwisho akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapa. Shomari alisema ikifika ladha ya machozi, ndiyo yenyewe." Akanipa nami nionje. Nilikuwa nimeshachapwa vya kutosha maishani kuijua ladha ile, na kweli, yalikuwa machozi matupu.

Maji yale aliyamimina tangini kwa kikombe, kidogo asubuhi, kidogo jioni, asimshtue mgonjwa. Mtu wa mambo ya samaki alinieleza baadaye sana, nikiwa mtu mzima, kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe ni mazito kwa madini, ndiyo maana mchanganyiko ule ulimkubali. Sisi hatukujua hilo. Tulichojua ni kwamba baada ya siku chache tumbo lilirudi kuwa jeupe, madoa yakawaka, na asubuhi moja Esperansi alikuja mbio nyumbani kwetu akipayuka kwamba Meneja ameamka na anamtazama kila mtu vibaya.

Ee, raha ilioje! Stoo ikawa ukumbi. Watoto wa mtaa walipanga foleni mlangoni, na Esperansi aliwapanga kwa ukali kuliko mwalimu wa zamu. Meneja alimjua Shangazi: akiingia yeye tu, samaki anapanda na kushuka kwenye kioo akicheza mkia, akiingia mwingine anasimama na kukagua. Aliwatemea maji wawili watatu usoni, na aliyetemewa alitembea kifua mbele wiki nzima. Umeme wa Kigoma wakati ule ulikuwa unakuja kama mgeni, hukai naye sana. Ukikatika, kipampu kilichotia hewa tangini kinazima, basi tulichota maji ya tangi kwa kopo na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa, mmoja akichoka anapokea mwingine. Hakuna aliyenung'unika. Siku hizi umeme ukikatika kijana analia chaji ya simu kama aliyefiwa.

Na Shangazi akaanza kula. Kwanza kwa sababu watoto walimuuliza maswali naye alilazimika kufungua kinywa. Kinywa kikifunguliwa, Mama alitia tonge.

Lakini kosa tulilifanya, na tulilifanya kwa mapenzi. Tulimlisha dagaa. Dagaa wabichi, laini, wale wazuri. Kila mtoto alikuja na wake kiganjani. Meneja alikula, akanenepa, kitambi kikazidi cheo. Kisha akaanza kutema. Anasogelea dagaa, analenga, anagonga kwa pua, dagaa anaanguka. Siku ya kwanza tulicheka kwamba ameshiba. Zilizofuata hatukucheka. Kitambi kilizama, mgongo ukachongoka, na macho yale ya ubwana yakawa yanatazama tu.

Mama yake Esperansi ndiye aliyeona. Aliingia stoo kutafuta binti yake, akainama kwenye kioo, akashika mdomo.

"Ee Mungu wangu! Hii samaki iko na meno kama ya mutu! Na ile meno imefunga kinywa!"

Shangazi alisogea, akatazama. Kweli. Bunju ana meno manne yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na yanakua maisha yake yote. Huko alikotoka anavunja kaa na konokono, yanasagika. Sisi tulimpa dagaa laini, yakakua mpaka yakapishana, hata punje ya mchele isingepita.

Shangazi alikaa chini. "Shomari alikuwa akiyakata," alisema.

"Basi kata," alisema Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Sijawahi kaka. Mimi nilikuwa namshikia tu taa."

"Leo nitakushikia mimi."

Nimeishi miaka mingi, nimesikia watu wakitoa ahadi kubwa mbele ya vipaza sauti. Sijasikia kubwa kuliko ile.

Ilikuwa Jumamosi, wakatoka nje uani kwa ajili ya mwanga wa jua la asubuhi. Kulikuwa na beseni la maji ya tangi, na lingine la maji safi ya chumvi ile ile. Kulikuwa na kikata kucha kilichochemshwa kwenye sufuria ndogo. Na kulikuwa na chupa ya mafuta ya karafuu, ile ya Mama ya jino, kwa sababu Bwana Shomari alimlaza samaki kwa karafuu kabla ya kumgusa. Shangazi alidondosha tone kwenye kikombe cha maji, akakitikisa mpaka yakawa meupe, akayamimina kidogo kidogo kwenye beseni. Ua wote ukanuka pilau. Habari ilikuwa imeshafika kila nyumba. Watu walijaa ukutani na mlangoni. Maalim wa madrasa naye alisimama nyuma akijifanya anapita.

Meneja alipepesuka, akalala ubavu. Shangazi alimfunika kwa kipande cha kanga kilicholowa, akaacha mdomo tu. "Asitoke majini sana," alisema. "Akimeza hewa akavimba, hatairudisha." Baba aliingiza viganja vyake vinene, vilivyozoea injini, akamshika bunju kama mtu anayeshika yai la njiwa, na kichwa tu kikagusa juu ya maji. Mimi nilikuwa na kikombe cha kumwagilia matamvua yake, apate kupumua. Nilimwona Shangazi akikisogeza kikata kucha na kukirudisha, nikaona amekaza meno yake mwenyewe.

"Mwanahawa," Baba alisema taratibu. "Nitazame mimi. Haya, sasa mtazame yeye."

Akakisogeza tena, asikirudishe.

Ka! Kipande kama ukucha wa mtoto kiliruka kikadondoka mchangani. Ka! Kingine. Alihamia chini, akapima, akarudi nyuma, akapima tena. Ka!

"Basi. Mpeleke kwenye maji safi."

Baba alimhamisha. Meneja alielea, tumbo juu. Shangazi aliingiza mikono, akamshika ubavuni, akawa anamsukuma mbele polepole ili maji yapite mdomoni, akimzungusha beseni zima, huku midomo yake ikisoma dua. Hakuna kilichotokea. Akamzungusha tena. Mwanamke mmoja mlangoni akaanza kusema "Inna lillahi" na mama yake Esperansi akamfinya.

Tamvua likafunguka. Likafunga. Likafunguka.

Jicho moja likageuka, likamtazama Baba. Kisha Meneja, kwa hasira zote za mtu aliyekatwa meno bila ridhaa yake, alivimba mle mle majini akawa chungwa, akapasua maji kwa mdomo, na akamtemea Baba usoni, katikati ya paji.

Sijui nani alianza kigelegele. Nadhani Mama. Kilipokelewa ukutani, kikavuka barabara, na wanaume waliokuwa ufukweni walituambia baadaye kwamba walidhani kuna mtu ameoa. Baba alikuwa anacheka maji yakimtiririka ndevuni. Esperansi alikuwa anarukaruka akigonga sufuria. Na Shangazi Mwanahawa, ambaye hatukuwa tumewahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akakaa mchangani, akacheka mpaka akalia, akafuta uso kwa ile kanga iliyolowa na kuendelea kucheka.

Mvuvi mmoja alikuwa ameleta konokono kutoka kwenye miamba ya maji mengi, mbali na matete na konokono wake wa kichocho. Mchana Shangazi alidondosha mmoja tangini. Meneja alimzunguka, akalenga. Krrrk! Sote tuliisikia ile sauti kupitia kioo, tukapiga makofi kama goli limeingia.

Tangu siku ile dagaa walipigwa marufuku, na Shangazi akawa anafuga konokono wake mwenyewe kwenye beseni, mbali na maji ya matete, hata Mama akaridhika. Baba alihamisha tangi kutoka stoo kwa mikono yake mwenyewe na kuliweka sebuleni, chini ya dirisha. Wageni walipouliza kama ni kweli yule ana sumu, Baba alijibu, "Ndiyo, lakini ni mtu wa hapa."

Haikuishia hapo. Mwalimu mkuu wa shule yetu alikuja kumwona Meneja, akatamani tangi la samaki wa ziwani kwa ajili ya wanafunzi, akauliza nani anaweza kulitengeneza. Shangazi aliingia chumbani, akatoka na kitambaa kilichokuwa chini kabisa ya begi lake. Mlikuwa na rula ya chuma na kikatio cha kioo cha Bwana Shomari. Kioo cha kwanza alikivunja. Cha pili kilikwenda upande. Cha tatu alipitisha kikatio mara moja tu, kwa mkono mmoja usiotikisika, akagonga kwa kidole chini, kikaachana vipande viwili vilivyonyooka kama vimezaliwa hivyo. Baada ya tangi la shule likaja la nyumba ya wageni, yakaja madirisha, zikaja kabati za maduka. Wanaume waliomcheka mwanzoni ndio waliokuja kumbembeleza awahi kazi zao. Ukiuliza Ujiji nzima fundi wa vioo ni nani, unaelekezwa kwa Fundi Mwanahawa. Meneja aliishi mpaka mimi nikaingia sekondari, akakua kupita ngumi ya Baba, na alipokufa alikufa kwa uzee, ametazama watu wengi vibaya na ameshiba.

Baba ametangulia. Esperansi ana watoto wanne, yuko kijijini Mwamgongo, kaskazini kando ya ziwa, na akipiga simu huanza kwa kuiga sauti ya konokono akivunjika. Uani kwetu kuna ukuta sasa, na ukuta una geti, na geti lina kengele. Watoto wa mtaa ule hawaingii bila kuitwa. Ziwa nao wanalipiga picha zaidi kuliko wanavyoliogelea.

Binti yangu Zainabu, aliyezaliwa Dar es Salaam, amenunua bunju wa kwake dukani. Ana tangi lenye taa zinazobadilika rangi, chumvi maalumu ya kopo, na kijidude cha kupima maji kinachoandika namba kwenye simu. Samaki akiugua anauliza kundi la watu asiowajua, wanamjibu kabla hajaweka simu chini. Nilimpeleka Ujiji likizo iliyopita, naye akamletea Shangazi, bibi yake, zawadi: kijidude kama kile. Nilidhani Shangazi atakibeza. Wala! Alivaa miwani, akakichovya kwenye kila ndoo, akasoma namba kwa sauti kama mtoto aliyejua kusoma jana.

"Ningekuwa nacho wakati ule, Siwema," alisema, "samaki asingeugua. Nisingemsumbua kaka yangu na magunia."

Alikuwa amesema kweli tupu. Tungekuwa nacho, maji yangekuwa sawa tangu siku ya kwanza, Meneja angelala salama stoo, na sisi kila mmoja angeendelea na shughuli zake. Watoto wetu wameepushwa na taabu zote zile, nami namshukuru Mungu kwa ajili yao. Ila nilitamani, kwa dakika moja tu, Zainabu apate kitu kinachoshindikana kiasi cha kujaza watu uani.

Shangazi alikifuta kijidude kwa upindo wa dera, akakitia mfukoni, akachukua rula yake.

"Haya, wewe mtoto wa mjini," alimwambia Zainabu, "weka hiyo simu chini uje unishikie kioo."

Na Zainabu, Mungu mkubwa, akaiweka chini.